Wezi Wenye Kupigiwa Makofi



Mwezi uliopita, kisha mazoezi ya kwaya, musichana mumoja wa Mangobo aliniuliza neno lenye lilinyamazisha wenzake wote. «Papa, ni kweli kwa Wamarekani kuko muchezo wenye wanahesabiaka mutu ameiba mara ngapi, na ule mwenye kuiba mingi njo wanamupigiaka makofi?» Kaka yake alikuwa ameona kwenye televizyo mutu anakimbia, anajitupa chini kwa tumbo, vumbi linapanda, halafu wanaandika namba ya wizi wake wa mwaka muzima. Mama mumoja mwenye alikuwa anafunga mulango akasema palepale: «Kumbe ni kule njo wanafundishaka!»

Tulicheka sana. Lakini ulizo lile lilinifuata mupaka nyumbani. Nilipoanza kutafuta jibu, nilikuta hadithi yenye watu wa migodi watafahamu upesi kuliko wengine, kwa sababu ni hadithi ya mizani na kitabu: nani alifanya kazi, nani aliandika, na nini ilibaki katika maandishi.

Uwanja wenye kuitwa almasi

Muchezo wenyewe ni besiboli. Tuanze na uwanja. Wamarekani wanauita «almasi», na hapa kwetu Tshopo neno kama hilo linaweza kuleta watu na majembe mbele ya jua kutoka! Hakuna kitu cha kuchimba pale. Ni vituo vinne vyenye kupangwa sawasawa, na ukisimama nyuma ya kituo cha nyumbani unaona uwanja umesimama juu ya ncha yake, kama vile watu wanachoraka jiwe la almasi.

Toka kituo kimoja mupaka kingine ni metre 27 na kidogo. Mutupaji anasimama katikati na kutupa mupira kwa nguvu. Mupigaji anamungojea nyumbani na gongo lake, na nyuma yake anachutama mudakaji wa ekipe ingine. Mupigaji akipiga vizuri, anaacha gongo na kukimbia mupaka kituo cha kwanza. Mutu akizunguka vituo vyote na kurudi nyumbani, ekipe yake inapata pointi moja.

Kwa kawaida, mwenye kusimama kwenye kituo cha kwanza anangojea mwenzake apige, ndipo naye akimbie. Mwizi hangojei. Anasogea metre tatu ao nne mbali na kituo, macho yake yako kwenye bega na kisigino cha mutupaji, na wakati tu ule mukono unaanza kwenda nyumbani, yeye anatoka mbio. Mudakaji anapaswa kupokea mupira, kusimama, na kuutupa mupaka kituo cha pili, karibu metre 39. Mambo yote yanaisha mbele ya segonde nne: ni wakati wa kusema jina lako, jina la baba yako na la avenue yenu. Mupira ukitangulia na wakamugusa nao, anatoka uwanjani kichwa chini. Akitangulia yeye, kituo ni chake, na wanamuandikia: ameiba kimoja.

Basi yule mama wa mulango atulie. Mwenye kuibiwa anaangalia, mwamuzi anaangalia, watu wote wanaangalia, na mwizi akishindwa analipa palepale. Kama wizi wa hapa kwetu ungekuwa wa namna hiyo, tungelala milango wazi.

Mwizi mwenye akawa polisi

Shampiona ya kwanza ya besiboli yenye wachezaji wa kulipwa ilianza mwaka wa 1871. Miaka ile muchezo ulikuwa mugumu. Wadakaji wengi walidaka kwa mikono mitupu, ao na kipande kidogo cha ngozi tu, na vidole vyao vilipindama kama mizizi ya muhogo. Mwamuzi, ule tunaitaka arbitre, mara mingi alikuwa mumoja peke yake kwa uwanja muzima. Mutu wa mbio alipata nafasi nzuri.

Wengine walipitisha kipimo. Mike Kelly, wenye kumupenda walimuita Mufalme, aliuzishwa na ekipe ya Chicago kwa ile ya Boston mwaka wa 1887 kwa dola 10,000, na katika mwaka huo wakamuandikia vituo 84. Wanasimulia kama, wakati arbitre peke yake alikuwa anafuata mupira kwa macho, Kelly alikuwa anakata katikati ya uwanja bila kugusa kituo kimoja. Hiyo sasa ni wizi wa kweli, na haikuandikwa kwa jina lake popote.

Lakini mutu mwenye mimi ninamupenda katika hadithi hii ni Harry Stovey. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Stowe. Mama yake hakutaka mutoto wake acheze mupira kwa kulipwa. Miaka ile wachezaji walikuwa wanajulikana kwa pombe na fujo. Wanasema kijana akageuza jina, kusudi mama akisoma gazeti asimuone. (Vijana, musichukue mufano huu. Mama anajuaka tu, hata bila gazeti.)

Stovey alikuwa mutu wa mbio na mwenye nguvu pia. Ni yeye wa kwanza katika shampiona kubwa kufikisha 100 ya ile mapigo makubwa yenye mupigaji anazunguka vituo vyote mara moja. Kwa kuiba, alikuwa anateleza na miguu mbele, na wanamutaja kuwa kati ya watu wa kwanza wenye kuvaa kitambaa kinene kwenye kiuno, juu ya kulinda ngozi. Mwaka wa 1886 aliongoza shampiona yake na vituo 68. Mwaka wa 1890 akaongoza tena, na 97. Alipoacha muchezo, akaenda muji wa New Bedford na kuingia katika polisi, akapanda mupaka cheo cha kapiteni. Mwizi wa vituo akawa mukamata wezi! Alikufa mwaka wa 1937.

Ukifungua vitabu vya hesabu, utakuta ameandikiwa vituo 509 kwa maisha yake yote. Ni wengi, lakini si wengi kama wa wengine. Unajua sababu? Stovey alianza kucheza shampiona kubwa mwaka wa 1880, na hesabu ya kuiba ilianza kuandikwa mwaka wa 1886. Miaka sita aliyokimbia akiwa kijana, na miguu mizuri zaidi, hakuna mutu alishika kreyo.

Kaye ya mukwe wangu

Hapa mutanisamehe niache besiboli kidogo.

Mukwe wangu, baba ya bibi yangu, alichimba almasi miaka mingi katika mito ya upande wa Banalia. Alikuwa na kaye moja ya masomo, ya mistari, yenye ngozi ya nyoka wa maji juu kusudi mvua isiiharibu. Kila jiwe alilopata alilichora ndani kwa kreyo, kwa ukubwa wake, kisha akaandika tarehe na jina la mutu mwenye alikuwa naye ndani ya maji siku hiyo. Mizani hakuwa nayo. Mizani ilikuwa kwa munegosya. Na mizani ile inahesabu kwa karati, na karati moja ni sehemu moja ya tano ya gramu: kitu kidogo vile, upepo wa mulango unaweza kukisogeza, na kidole pia.

Siku moja tulikaa naye kulinganisha kaye yake na karatasi za mununuzi wake wa mwaka ule. Mawe matatu ya kaye hayakuwa katika karatasi hata moja. Nilitaka tuende kwa ule mutu. Muzee alikataa. Alisema tu: «Miye niliyachora.» Akafunga kaye.

Ninamukumbuka kila mara ninaposoma juu ya miaka sita ya Stovey, kwa sababu yeye hakuwa hata na mutu wa kumuchorea.

Mwaka wa wizi mukubwa

Turudi. Mwaka wa 1887 ulikuwa mwaka wa ajabu. Katika shampiona moja tu, Hugh Nicol wa Cincinnati aliandikiwa vituo 138, Arlie Latham wa St. Louis 129, na Charles Comiskey wa St. Louis vilevile 117. Katika shampiona ingine, John Montgomery Ward wa New York akaongoza na 111.

Nicol alikuwa mutu mufupi sana, muzaliwa wa Uskoti. Kupiga hakujua vizuri: mwaka ule alifaulu mara mbili na kidogo katika kumi. Lakini ukimuacha afike kituo cha kwanza, hata kwa kosa la mutupaji, ulikuwa na shida. Ile 138 haijafikiwa tena na mutu yeyote katika shampiona kubwa, na hata hivyo ukiuliza leo nani ana rekodi ya mwaka mumoja, watakuambia Rickey Henderson, na 130, mwaka wa 1982. Nicol wamemuweka pembeni. Nitafasiria sababu.

Latham alikuwa mupiga kelele na muchekeshaji. Mwaka wa 1909, akiwa mwalimu wa ekipe ya New York, walimuingiza uwanjani, akaiba kituo kimoja akiwa na miaka 49. Hakuna muzee zaidi yake mwenye amefanya hivyo katika shampiona kubwa. Papa wa kwaya yetu wenye kulalamika magoti wasome hapo mara mbili.

Comiskey baadaye akawa mwenye ekipe, White Sox ya Chicago. Wachezaji wanane wa ekipe yake walishitakiwa kwamba mwaka wa 1919 walipokea feza za watu wa kamari kusudi washindwe. Tribinali haikuwahukumu, lakini mwaka wa 1921 wakafukuzwa katika muchezo kwa maisha. Ni yule aliyeiba vituo 117 mbele ya watu wote, na wizi wa kweli ukatokea katika nyumba yake, katika giza.

Na Ward. Huyu ni lazima watu wa makampuni wamujue. Alianza kama mutupaji, na mwaka wa 1880 alitupa mechi muzima bila mupinzani hata mumoja kufika kituo cha kwanza. Mukono ukaumia, akageuka mutu wa mbio. Wakati uleule alisoma sheria katika universite ya Columbia na akawa avoka. Mwaka wa 1885 yeye na wenzake wakaunda sendika ya kwanza ya wachezaji. Sababu ilikuwa kipande kimoja katika kontra: ekipe ilikuwa na haki ya kumufunga muchezaji kwake mwaka baada ya mwaka, na yeye hakuwa na haki ya kwenda fasi ingine, isipokuwa wamuuzishe. Mwaka wa 1887, mwaka wa vituo vyake 111, Ward aliandika katika gazeti akiuliza kama muchezaji wa besiboli ni mali ya mutu, kama vile ng'ombe ao meza. Kisha wakubwa wakaweka vyeo vya mishahara, toka dola 1,500 mupaka 2,500, na cheo chako kilipimwa pia kwa mwenendo wako nje ya uwanja. Wazee wetu waliokaa katika kambi za makampuni, wenye kujua kupimwa mupaka ndani ya nyumba zao, hawahitaji nifasirie zaidi.

Mwaka wa 1890 wachezaji wakaanzisha shampiona yao wenyewe. Ilidumu mwaka mumoja tu, feza ziliisha. Mwenye kuongoza kwa kuiba katika shampiona ile alikuwa ni nani? Ni Harry Stovey, na ile 97 niliyotaja. Kile kipande cha kontra kilikaa mupaka mwaka wa 1975.

Billy na muzee wa miaka 40

Sasa juu ya hesabu yenyewe. Katika miaka ile ya kwanza, mupaka 1897, sheria ya kuandika ilikuwa na mukono mulegevu. Mutu alikuwa anaandikiwa «kuiba» hata kama hakuiba kama tunavyofahamu leo. Uko kwenye kituo cha kwanza. Mwenzako anapiga mupira mwenye ungekutosha kufika cha pili. Wewe unakaza mbio na kufika cha tatu. Ile kituo ya zaidi waliihesabu wizi. Kuanzia 1898 sheria ilibadilika: kuiba ni kuiba, bila musaada wa pigo la mwenzako. Na wenye kuandika zamani hawakutenga. Wote waliingia katika gunia moja. Leo hakuna njia ya kufungua 138 ya Nicol na kutosha mchanga ubaki na mawe. Ndiyo maana wanaiweka pembeni.

Mwenye iliyemuuma zaidi ni Billy Hamilton. Huyu alizaliwa Newark mwaka wa 1866, mufupi, mwenye mapaja manene, na jina lake la uwanjani lilikuwa Billy wa Kuteleza. Alicheza toka 1888 mupaka 1901, kwa hiyo karibu maisha yake yote yalikuwa chini ya sheria ya zamani. Aliandikiwa 111 mwaka wa 1889, na 111 tena mwaka wa 1891. Tarehe 31 ya mwezi wa nane 1894 aliiba vituo saba katika mechi moja. Mwaka ule pointi alizoingiza, vitabu vingine vinaandika 192, vingine 196, vingine 198. Hata pale hawapatani. Na maisha yake yote katika kuiba? Kwa miaka mingi vitabu vilisema 937.

Shikeni namba hiyo. Mwaka wa 1979 Lou Brock wa St. Louis alikuwa na miaka 40, ndiyo mwaka wake wa mwisho. Mwaka wa 1974 alikuwa ameiba 118, na rekodi ya siku zetu, ile ya sheria mupya, ilikuwa tayari yake. Lakini juu yake alibaki Billy Hamilton na 937. Magoti yanauma, mbio zimepunguka, na yule muzee anaenda polepole, kimoja, kingine. Tarehe 23 ya mwezi wa kenda akaiba kituo cha 938. Ulikuwa wa mwisho wa maisha yake ya muchezo. Akaacha akiwa na kimoja zaidi ya Billy.

Kisha watu wa hesabu wakafungua tena magazeti ya zamani, mechi kwa mechi, wakajumlisha upya. Leo Hamilton anaandikwa na 914, kwingine 912. Brock alikuwa amemupita zamani, mbele ya wiki zile za mwisho, na hakujua. Mimi sijui kama ningefurahi ao ningekasirika. Ninafikiri ningekasirika kidogo juu ya Hamilton: aliishi na 937, akazikwa nayo mwaka wa 1940, na watu wenye hawakumuona hata siku moja wakamupunguzia. Lakini pia, kama mizani ya kwanza ilikosa, inapaswa kusahihishwa, hata ikiwa mwenye jiwe amekufa.

Rickey Henderson alimupita Brock tarehe 1 ya mwezi wa tano 1991. Aling'oa kituo chenyewe katika udongo na kukiinua juu ya kichwa. Alimaliza na 1,406, na juu ya hiyo hakuna mabishano. Amekufa mwaka wa 2024.

Wenye hawakupewa hata kaye

Vijana, mumeona kama katika majina yote ya miaka ile ya kwanza sikutaja mutu mweusi hata mumoja? Si kwamba hawakuwa na miguu. Mwaka wa 1884 Moses Fleetwood Walker alikuwa mudakaji wa ekipe ya Toledo katika shampiona kubwa. Mutupaji wake, Tony Mullane, alikubali baadaye kama Walker alikuwa mudakaji bora zaidi aliyefanya naye kazi, na kwamba yeye hakutaka kufuata alama zake kwa sababu ya rangi yake tu. Fikirini: mutu anadaka kwa mikono karibu mitupu, na hajui mupira gani unakuja. Mwaka wa 1887, ule mwaka wa vituo vingi, wakubwa wa shampiona ingine kubwa kidogo wakapiga kura wasitoe tena kontra kwa watu weusi. Mulango ukafungwa kila fasi, bila sheria yenye kuandikwa katika shampiona kubwa, mupaka 1947.

Ule mwaka akaingia Jackie Robinson kwa Brooklyn. Wakamutukana uwanja kwa uwanja. Katika mwaka wake wa kwanza aliiba vituo 29 na kuongoza shampiona yake. Katikati ya 1887 na 1947, watu weusi walicheza katika shampiona zao wenyewe, na mbio zao ziliandikwa hapa na pale, katika magazeti yao, mara ingine bila jumla. Ni mwaka wa 2020 tu wakubwa wa besiboli walikubali kama shampiona saba za watu weusi za 1920 mupaka 1948 zilikuwa shampiona kubwa sawa na zingine, na mwaka wa 2024 wakaziingiza hesabu zao katika kitabu kimoja. Wengi wa wenyewe walikuwa wamekufa.

Na wadada? Wakati wa vita vya dunia, 1943, ilianzishwa shampiona ya wanawake ya kulipwa. Sophie Kurys wa ekipe ya Racine, mwaka wa 1946, alijaribu kuiba mara 203 na akafaulu mara 201. Hakuna mwanaume mwenye amekaribia. Na walikuwa wanacheza na robe fupi! Ukiteleza kwa changarawe na mapaja wazi, ngozi inabaki chini. Yeye alifanya hivyo mwaka muzima.

Mutasema haya yote ni mambo ya mbali. Basi nenda Uganda, muji wa Lugazi, muji wa kampuni ya sukari kati ya Kampala na Jinja. Watoto wa pale wanacheza besiboli. Mwaka wa 2011 ekipe ya watoto wa Kampala ilishinda mashindano ya Afrika na Mashariki ya Kati, yaliyochezwa Poland, na ikapata haki ya kwenda Marekani kwenye kombe la dunia la watoto. Hawakuenda. Walinyimwa viza, kwa sababu makaratasi ya kuzaliwa na miaka ya watoto hayakupatana. Ekipe ya Kanada yenye ingecheza nao ilikuja yenyewe Uganda mwezi wa kwanza 2012, wakacheza ile mechi. Mwaka uleule watoto wa Lugazi wakashinda tena, makaratasi yakapita, wakawa ekipe ya kwanza ya Afrika kufika kule, na wakapiga ekipe moja ya Oregon 3 kwa 2. Wazazi wenye hamujaandikisha watoto kwenye commune, muko munasikia?

Jumamosi nyuma ya kanisa

Nilipomaliza kusimulia haya kwa vijana, hawakutaka maneno zaidi. Walitaka kujaribu. Jumamosi iliyopita, nyuma ya kanisa, wakaweka matofali matatu, na kituo cha pili ikawa muembe. Metre 27 haikuingia, tukakata mupaka 18. Gongo ni mupini wa jembe, mupira ni vitambaa na mpira wa chambre à air ya toleka. Kwa sababu hatukuwa na vitu vya kulinda mwili, nilikataza kuteleza. Walinisikia mara moja tu.

Shida ilitokea upesi. Yule musichana wa Mangobo alikuwa kwenye kituo cha kwanza, mwenzake akapiga mupira kidogo, na yeye akakimbia mupaka kituo cha tatu, muembe akaupita kama hauko. Akaomba aandikiwe wizi mumoja. Wengine wakapinga: hiyo ni pigo la mwenzake. Akajibu: «Kwa sheria ya 1887 ni yangu. Papa njo alisema.» Mudogo wake wa miaka 12, mwenye alikuwa ameiba kituo cha pili mara sita kwa njia ya kweli kweli, akalia kabisa.

Kaye iko kwangu. Waliandika hesabu mbili: kwa biki ya bluu, sheria ya 1887; kwa biki nyekundu, sheria ya 1898. Kwa bluu mukubwa anaongoza na tisa. Kwa nyekundu mudogo anaongoza na sita. Mama yao ameniambia kama nyumbani bado hawasemeshani vizuri.